Nimeagiza Gari Zima, Wananiambia Nilitengeneze

Jamani, hivi Mjapani akija kuona tunavyoyafanya magari yake, si ataacha kutuuzia? Nauliza tu, maana mimi nimechoka.

Mjapani akinunua gari jipya, miaka 3 ya kwanza hasumbuliwi. Baada ya hapo linaanza kwenda kwenye ukaguzi wao unaoitwa shaken, kila miaka 2. Na huo si ukaguzi wa kupiga tairi teke ukasema "liko poa". Wanapima breki, wanapima taa inamulika wapi, wanapima moshi. Gharama zake zinauma, kwa hiyo jamaa akiona zamu imekaribia tena, anaona heri alipeleke mnadani. Huko linapewa karatasi ya daraja: 4 na nusu, 4, 3 na nusu, na kama liliwahi kugonga likatengenezwa, linaandikwa R. Kila mkwaruzo umechorwa mahali pake. Mimi hata barua ya posa yangu haikuwa na ukweli kiasi kile.

Basi nikaagiza Toyota IST, kile kigari kidogo. Hapa Dar ukisema tu "nimenunua gari", watu wanajua ni IST, wanakuuliza rangi. Yangu ilikuwa daraja la 4, imekaguliwa, breki zinashika, mikanda inavuta, taa zote zinawaka. Ikaja melini na wenzake. Hapo ndipo nikajua kumbe gari nalo lina dhambi ya kuzaliwa zamani.

Wenzetu Kenya gari likizidi miaka 8 haliingii, yameisha. Uganda wameweka ukomo wa miaka 15. Sisi ni watu wa huruma, zee linapokelewa, ila linalipiwa uzee: likiwa na miaka 8 hadi 10 ni asilimia 15, likivuka 10 ni asilimia 30. Hiyo ni mbali na ushuru wa forodha wa asilimia 25, mbali na ushuru wa ukubwa wa injini, halafu inakuja VAT ya asilimia 18 kukaa juu ya vyote hivyo kama mgeni aliyekuta kitanda kimetandikwa. Wala hesabu haianzi na pesa uliyomtumia Mjapani. Mfumo wa ushuru una bei yake, na bei hiyo haijawahi kusikia habari za kupunguziwa.

Nina binamu yangu Houston. Ndoto yake tangu ujana ni Nissan Skyline GT-R, ile R34, usukani kulia. Sasa Marekani wana sheria ya mwaka 1988: gari ambalo kiwanda hakikulitengeneza kwa viwango vyao vya usalama haliingii mpaka litimize miaka 25. Ukilitaka kabla ya hapo, lazima mwagizaji aliyesajiliwa alibadilishe lifanane na ya kwao: taa za ubavuni, za rangi ya chungwa mbele na nyekundu nyuma, spidomita isome maili, bampa, mikanda, na ushahidi kwamba likigonga ukuta abiria atapona. Ukimaliza gharama hizo ungeshanunua magari mengine mawili. Kwa hiyo binamu akakaa kitako akihesabu. GT-R hiyo ya R34 ilianza kuuzwa mwaka 1999, ilipofika 2024 akanipigia simu usiku wa manane anapiga vigelegele: "Braza, limefikisha ishirini na tano!" Na mimi huku nalia langu limevuka kumi. Uzee uleule, Houston ni ruhusa, Dar ni faini.

Haya, tukalipa, likatoka bandarini. Ukiwasha, dada mmoja anaongea Kijapani kwa sauti ya upole. Ni ile mashine ya kulipia barabara za tozo za kwao, inalalamika kwamba hujaweka kadi. Daraja la Kigamboni nalo lina tozo, lakini dada halimhusu, yeye anaidai kadi yake ya Japani mpaka leo. Siku Mama alipopanda mara ya kwanza, dada akasema maneno yake kwa adabu zote, Mama akaitikia, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Nikamwambia, Mama, hiyo ni mashine. Akasema mashine imelelewa vizuri kuliko wajukuu zake.

Ramani ya kwenye skrini inaijua Yokohama kichochoro kwa kichochoro. Ukiwa Mbagala inakuonyesha uko baharini. Redio nayo inaishia 90, maana masafa ya FM ya kwao yalianzia 76 yakaishia hapo, ya kwetu yanapanda mpaka 108. Fundi redio anakufungia kidude kinachoshusha masafa kwa 10, ili ukitaka EFM ya 93.7 utafute 83.7. Baba mkwe kila akipanda anasema redio yangu imechakachuliwa.

Hayo nayakubali, ni mambo ya ugeni. Hata kuchonga namba ya gari kwenye vioo nimekubali, na kuzipiga saitimira riveti zisiende sokoni bila mimi. Kichefuchefu kinaanza ukifika kwa fundi.

Nimekwenda Gerezani, mtaa wa mafundi wa magari hapa Dar, kubadilisha oili. Oili tu! Fundi akalizunguka gari, akachuchumaa, akatikisa kichwa kama daktari mwenye majibu mabaya.

"Bosi, hili gari liko chini sana."

"Limetoka kiwandani hivyo."

"Kiwandani wanaijua barabara ya kwako?"

Hapo alinipata kidogo, maana barabara ya kwangu hata mimi siijui, mvua ikinyesha inahama. Lakini dawa yake ni spesa: anachomeka vipande juu ya springi, gari linapanda. Gari ambalo wahandisi wamekesha wakilipimia uzito na kimo ili likikata kona lisilale, fundi analipandisha kwa jicho. Na taa ambazo Mjapani alizipima zimulike lami, sasa zinamulika watu waliokaa barazani ghorofa ya kwanza.

Nikakataa. Akahamia kwenye masega, ile sehemu ya kwenye ekzosi inayosafisha moshi. "Bosi, haya yanakula mafuta. Tuyatoe, gari lipumue." Nikamuuliza bei ya kuyatoa. Akasema bure. Bure, jamani! Gerezani, mahali ambapo hata ukiulizia saa unaweza kudaiwa! Ndani ya masega mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ambayo dunia inayanunua kwa gramu, halafu mtu mwenye oili mpaka kwenye nyusi ananionea huruma ya bure. Nikamwambia gari langu linapumua vizuri, lina pua ndogo tu, ni la ukoo.

Siku nyingine nikaenda kushonewa makava ya viti. Nikiwasha, taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofunguka ukigonga, imewaka kwenye dashibodi, kumbe walipovunguavungua chini ya kiti wamechomoa waya. Nikarudi. Fundi akasema ni kazi ndogo, akaenda kuleta bisibisi ili akafungue dashibodi achomoe balbu. Nikamuuliza, sasa eabegi yenyewe itafunguka?

Akanitazama kwa wasiwasi. "Kwani bosi, unapanga kugonga?"

Shemeji yangu naye hakubaki nyuma. Aliniletea zawadi aliyoinunua kwenye foleni pale Tazara: kipande cha chuma unachokichomeka kwenye kifungio cha mkanda, gari linadhani umefunga, linanyamaza. Watu wazima wenye digrii zao walikaa mezani wakabuni mlio wa kukukera mpaka ufunge mkanda usife. Shemeji ameutuliza kwa buku tano. Na anasisitiza tuweke ngao, lile bomba nene la chuma mbele ya bampa. Nimejaribu kumweleza kwamba mbele ya gari pameundwa makusudi pabonyee, ili kishindo kiishie huko kisifike kwenye kifua chake. Akasema gari linalobonyea ni gari bovu, na yeye kifua chake hakijawahi kulalamika.

Na msinicheke wa IST peke yangu. Hiace za mizigo zinashuka bandarini bila kiti hata kimoja nyuma, sakafu tupu. Zikipita kwa wachomeleaji, mara zina viti mpaka mlangoni, na konda anaapa ni levo siti, hakuna wa kusimama, huku goti la abiria mmoja liko kwenye sikio la mwenzake. Mjapani aliipimia ile gari magunia ya vitunguu na maboksi. Kenya angalau walipata marehemu John Michuki, waziri asiyetaniwa. Akasema kuanzia Februari 2004 kila matatu iwe na mikanda na kidhibiti mwendo cha kilomita 80, Hiace watu 14, asiyetaka akae nyumbani. Wengi wakakaa nyumbani kweli, Nairobi nzima ikatembea kwa miguu, lakini mikanda ikafungwa.

Kinachoniudhi ni kwamba gari linakaguliwa likiwa bado lina adabu za kwao. Likishapita kwa fundi, kwa shemeji na kwa mchomeleaji, nani analikagua tena? Labda afande wa pembeni ya barabara. Alinisimamisha juzi. Gari lina eabegi, lina breki za ABS, mikanda yote inavuta. Hakuuliza hata kimoja.

"Mtungi wa moto uko wapi?"

Nikautoa chini ya kiti, mdogo, unatosha kuzima sigara.

"Pembetatu?"

"Hizi hapa, afande, mbili."

"Stika ya Wiki ya Usalama?"

Ipo kiooni. Wakati huo nyuma yangu limepita lori ambalo kioo cha pembeni kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, taa moja inatazama juu kama inaomba dua, halikusimamishwa. Bila shaka lilikuwa na mtungi.

Sasa familia imeongezeka, nikaamua niliuze nitafute Noah. Mteja akaja Jumamosi, kijana nadhifu, akalizunguka, akalala chini kabisa kuchungulia. Akainuka akijipangusa magoti, ananitazama kwa masikitiko.

"Mzee wangu, hili gari halijafanyiwa kitu?"

"Kitu gani?"

"Halijanyanyuliwa. Masega yapo. Tinti hakuna, ngao hakuna." Akashusha sauti, mke wangu asisikie. "Lina shida gani mpaka ukaliacha hivi?"

Nikamwambia halina shida yoyote, ndivyo lilivyotoka Japani. Hakuniamini. Akatoa simu, akaanza kunipunguzia bei kwa sauti: spesa toa, tinti toa, ngao toa, fundi wa kuondoa taa ya mkanda toa. Nikamwambia fundi wa masega asimtoe, yule ni wa bure. Akatoa hata hivyo, kwa ajili ya chai yake.

Ili biashara isife, nikasema basi ntakuongezea na mtungi wa moto.

Akaupokea, akautikisa sikioni. "Una gesi?"

Nikamwonyesha geti.