John Dickinson na kura aliyokataa kuipiga

Tarehe 2 Julai 1776, Kongresi ya Bara, baraza la wajumbe wa makoloni ya Uingereza huko Amerika, ilipopiga kura mjini Philadelphia ya kujitenga na Uingereza, wakili John Dickinson, mjumbe wa Pennsylvania, hakuwa kwenye kiti chake. Siku iliyotangulia alikuwa amehutubia kwa kirefu akipinga hoja hiyo, na wajumbe wengi wa Pennsylvania walikuwa upande wake. Sasa yeye na mjumbe mwenzake Robert Morris walijiweka kando kwa hiari, na wajumbe wa Pennsylvania waliobaki wakaipitisha kwa kura tatu dhidi ya mbili. Azimio la Uhuru halina saini yake, na kwa sababu hiyo wapo wanaomhesabu kuwa mwoga kati ya waasisi wa Marekani.

Hukumu hiyo siikubali. Dickinson, aliyesomea sheria Middle Temple, chama cha mawakili jijini London, ndiye aliyeandika mwaka 1767 na 1768 barua 12 kwa jina la mkulima wa Pennsylvania, akieleza kwamba Bunge la Uingereza lina haki ya kusimamia biashara ya himaya nzima, lakini halina haki ya kuwatoza kodi, kwa ajili ya kujipatia mapato, watu wasio na mwakilishi ndani yake. Kabla ya barua hizo, ni wachache waliokuwa wameijenga hoja ya makoloni kwa uwazi wa kisheria kiasi hicho. Tena, baada ya kushindwa katika kura ya uhuru, aliongoza kikosi chake cha wanamgambo kwenda New Jersey kuulinda uhuru ambao hakuupigia kura.

Upinzani wake ulihusu wakati na maandalizi. Makoloni hayakuwa na mkataba wa muungano wala mshirika wa nje, na baadhi yao yaligombania mipaka. Kuhusu muungano, historia ilimpa haki: kamati ilimkabidhi kuandika rasimu ya Mkataba wa Shirikisho, wajumbe wakaipunguzia nguvu serikali ya pamoja aliyoipendekeza, na mkataba wenyewe haukuanza kutumika hadi Machi 1781, vita vikikaribia mwisho.

Hata hivyo, alimkosea hesabu mfalme. Ombi la amani alilolisimamia Julai 1775 lilipofika London, George III alikataa kulipokea, na Agosti alikuwa ameshatangaza kwamba makoloni yameasi. Mwezi Desemba Bunge likapiga marufuku biashara yao. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kuonyesha subira ingeleta nini. Hoja ya mshirika nayo ilikuwa na kasoro, kwa kuwa Ufaransa isingejifunga hadharani kwa watu ambao bado walijiita raia wa mfalme wa Uingereza. Mkataba wa ushirika ulitiwa saini Februari 1778, baada ya Wamarekani kuwashinda Waingereza huko Saratoga. John Adams, mjumbe wa Massachusetts aliyetetea uhuru na aliyewahi kumdharau Dickinson katika barua iliyonaswa na Waingereza, aliliona jambo hilo mapema, na hapo nampa Adams haki yake kamili.

Lakini kwangu mimi, tuhuma nzito zaidi dhidi ya Dickinson haihusu kura ile. Katika barua zake aliandika kwamba watu wanaotozwa kodi bila ridhaa yao ni watumwa, ilhali mashamba yake ya Delaware yalilimwa na watu aliowamiliki. Kusitasita mbele ya vita ambavyo vingeua maelfu kunaeleweka, na nadhani kunastahili heshima. Kuwasubirisha watu hao ni jambo lingine, kwa kuwa gharama ya subira hiyo waliilipa wao. Mwaka 1777 aliwaandikia hati ya uhuru yenye sharti la kuendelea kumtumikia kwa miaka mingi, na ni mwaka 1786 tu ndipo alipoliondoa sharti hilo.