Sikuvua Zote

Naandika nimekaa upande mmoja, ule mwingine bado unawasha. Jirani yangu ameshawatangulizia habari, na tangu jana mnanitumia pole za kupandwa na pepo. Jamani, hakuna pepo. Na sikuvua zote. Soksi nilibaki nazo.

Ni ule mwembe wa nyuma kwa mama, Muheza. Ulikuwa umeshalalia paa la jiko, ikabidi uangushwe. Vijana wa msumeno wakaondoka na magogo, matawi wakatuachia. Uwanja ukawa kama umepitiwa na kimbunga. Mama akasema tumsubiri mjomba, kesho anakuja na vibarua. Mimi nimetoka Dar, nipo wikendi moja tu, nataka nionekane mtu: "Vibarua wa nini, mama, na mimi nipo?"

Ikumbukeni hiyo sentensi.

Nikavaa gambuti, nikavua shati. Nikajipiga na picha nimebeba tawi begani, mkalaiki wenyewe, msijifanye hamkuiona.

Sasa, kwenye ule mwembe kulikuwa na mtambaa umekauka, umejisokota mpaka kileleni. Sikuutazama mara mbili. Navuta tawi, limekwama. Nikalikumbatia, nikalitikisa kwa nguvu zote. Likashuka vumbi. Vumbi zuri, la dhahabu, linaelea kwenye jua la saa tisa kama video ya harusi. Nikajua ni lile la msumeno. Jasho linatoka, nikajipangusa kwa mkono: shingo, kifua, kwapa.

Kwapa, jamani.

Ilianza shingoni. Kijimuwasho cha adabu tu, kama lebo ya shati jipya. Nikajikuna. Kikahamia tumboni, nikakifuata. Kikarudi shingoni na wenzake. Ndipo macho yakatua kwenye mtambaa: ganda limepinda kama herufi S, lina manyoya ya kahawia yamelala vizuri kama ya paka. Pembeni yake jingine. Juu yake kichala kizima.

Upupu. Mimi huyu, niliyechapwa darasa la tano kwa kumwagia monita upupu kwenye dawati, nimekumbatia upupu wa msimu mzima kifua wazi.

Na wakati ule ule nalitambua, jasho likateremka mgongoni. Polepole. Likafika kwenye mkanda, likasita kidogo kama mgeni anayebisha hodi, likaingia.

Nikakimbilia pipa la maji. (Watu wa Tanga mnaopiga kelele "siyo maji!", nawasikia, mmechelewa.) Kata mbili tu, mzigo ukasambaa mpaka pasipofika upepo. Gambuti zikaruka, suruali ikafuata, na kilichokuwa ndani ya suruali nacho kikafuata. Soksi ziligoma. Nikakiona kisiki cha mwembe, kipya, kina gome la kukwaruza, nikakipa mgongo na vinavyoendelea chini ya mgongo. Juu, chini, juu, chini, kama ng'ombe mwenye kupe. Macho nimefumba. Sitawadanganya, kwa sekunde chache nilikuwa na raha.

Nikafumbua. Barazani wamesimama kina mama wa kikoba, wamekuja na marejesho. Mweka hazina ameshika noti hewani, hesabu imempotea. Hakuna aliyepiga kelele, ndicho kinachoniuma mpaka leo. Mmoja tu alimgeukia mama, akauliza kwa sauti ya upole kabisa:

"Huyu ndiye uliyesema anatafuta mchumba?"

Yaliyobaki hayana maana. Shangazi akanirushia kanga, akanipaka majivu ya jikoni mwili mzima, mtoto wa jirani akaniona nilivyo kijivu akakimbia analia mzimu, baba yake akaja na simu, na huo ndio uchawi mnaoambiwa. Asubuhi nikapanda basi la kwanza, nikaja Dar nimesimama. Siti zilikuwepo.

Mama amepiga leo. Mjomba ameleta vibarua wawili, wamekuja wamefunga mikono na shingo kwa matambaa. Kabla ya kugusa hata jani, mmoja alitaka uhakika kwanza:

"Samahani bibi, ni hapa kwa yule wa soksi?"