Bahati yenye bei: mwindaji mgeni katika majimbo ya magharibi ya Marekani

Mkazi wa Wyoming hulipa dola 57 kupata leseni ya kuwinda elki. Anayetoka jimbo jingine hulipa 692 kwa mnyama huyohuyo. Elki ni mnyama wa nchi za baridi, mwenye pembe zenye matawi, na dume lake huweza kupita kilo 300. Leseni moja ni mnyama mmoja, kwa msimu uliotajwa na mara nyingi katika eneo lililotajwa. Mgeni anaweza pia kuchagua kundi la pili, linaloitwa la bei maalumu, ambako mpaka mwaka 2023 alilipa dola 1,268. Tangu 2024 analipa 1,950. Hapati mnyama mkubwa zaidi wala siku nyingi zaidi za kuwinda. Anachonunua ni kuingia kwenye droo, yaani bahati nasibu ya kugawa leseni, yenye watu wachache.

Ukiwasikiliza wawindaji wa majimbo ya mashariki na ya kati, malalamiko yao ni mengi na yamechanganyika: ada, mafuta ya gari, foleni za mtandaoni, mgao unaopungua. Mengi yana ukweli. Idaho iliweka kikomo cha vibali vya wageni kwa kila eneo kuanzia 2021. Wyoming ilibadilisha mgao wa kondoo wa milimani na mbuzi wa milimani kuanzia 2023, na sasa tisa katika kila kumi ni vya wakazi. Colorado, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kimbilio la mtu asiye na subira, iliacha mwaka 2025 kuwauzia wageni kibali cha upinde cha elki bila droo katika upande wake wa magharibi. Zamani mtu wa Ohio aliyekosa kwingine kote angeweza kununua kibali hicho na kwenda. Leo naye anaingia kwenye foleni.

Na foleni yenyewe inasogea nyuma. Katika majimbo mengi, anayekosa kwenye droo hupewa au hununua pointi, na mwenye pointi nyingi hutangulizwa mwaka unaofuata. Lakini waombaji wanaongezeka kila mwaka huku vibali havikui. Eneo lililohitaji pointi tano linakuja kuhitaji saba. Mwenye tano, aliyezilipia mwaka baada ya mwaka, yuko mbali na lengo kuliko alivyodhani alipoanza. Kijana anayeanza leo anaweza kulipa mpaka azeeke bila kufika maeneo yanayotamaniwa zaidi.

Kwa nini asiende mahakamani? Wenzake walikwenda. Mwongozaji mmoja wa uwindaji kutoka Montana na wawindaji wanne wa Minnesota walipinga ada za Montana mpaka Mahakama Kuu ya Marekani. Wakati huo mkazi alilipa dola 9 kwa leseni ya elki, na mgeni alilazimika kununua leseni ya mchanganyiko, ya wanyama kadhaa kwa pamoja, kwa dola 225, yaani mara 25. Mwaka 1978 walishindwa. Mahakama ilisema kuwinda elki ni burudani na mchezo, si riziki ya mtu, kwa hiyo Katiba hailazimishi jimbo kuwatendea sawa mkazi na mgeni. Mlango ulifunguka kidogo mwaka 2002, pale mahakama ya rufaa ilipotilia shaka kikomo cha asilimia 10 cha Arizona, lakini mwaka 2005 Bunge la taifa likapitisha sheria inayoyaruhusu majimbo kuwabagua wageni katika uwindaji na uvuvi. Kisheria shauri hilo limekwisha. Limebaki swali la haki, na la busara.

Nianze na wakazi, kwa sababu hoja yao ndiyo hudharauliwa haraka. Wanyama wa porini nchini Marekani si mali ya mwenye shamba wala ya serikali ya taifa. Ni amana ya watu wa jimbo, na jimbo ndilo msimamizi. Mkazi ndiye anayeishi nao. Ng'ombe wake hugombania nyasi na elki, uzio wake huvunjwa, gari lake hugonga kulungu usiku wa Novemba. Wengi wao wamekubali mshahara mdogo katika miji isiyo na ajira nyingi kwa sababu milima iko karibu. Na wanyama wenyewe wanapungua mahali pengi. Majira ya baridi ya 2022 hadi 2023 yaliwaua kulungu wengi mno magharibi mwa Wyoming. Juu ya baridi kuna ukame, nyumba na barabara katika njia zao za kuhama, na ugonjwa wa kudhoofisha kulungu ambao hauna tiba. Mgao ukipungua kwa sababu hizo, lazima mtu fulani akose, na sioni kosa la jimbo linalosema atangulie kukosa mgeni.

Hoja ya wageni ina nguzo mbili. Ya kwanza ni ardhi. Karibu nusu ya Wyoming, zaidi ya asilimia 60 ya Idaho na takriban asilimia 80 ya Nevada ni ardhi ya serikali ya taifa, inayotunzwa kwa kodi za watu wa Florida na New York pia. Elki ni wa jimbo, lakini nyasi anazokula ni za Wamarekani wote. Nguzo hii ina nguvu kuliko wakazi wanavyokiri, ila haifiki kule wageni wanakotaka ifike. Ardhi ya taifa inampa mgeni haki ya kutembea, kupiga hema na kupiga picha. Haimpi mnyama.

Hata kutembea huko kuna masharti. Wyoming inamkataza mwindaji mgeni kuwinda wanyama wakubwa katika maeneo ya nyika yaliyohifadhiwa na serikali ya taifa bila mwongozaji au mwenyeji wa kumsindikiza. Msomaji wa Tanzania atalielewa sharti hilo mara moja, kwa kuwa mtalii anayewinda kwetu huja kupitia kampuni na hufuatana na mwindaji bingwa. Tofauti ni kwamba mgeni huyu wa Wyoming ni raia, juu ya ardhi ya nchi yake, na anaruhusiwa kupanda mlima huohuo peke yake siku yoyote asiyobeba bunduki ya kuwindia. Sababu inayotolewa ni usalama. Sikubaliani nayo: mlima haupungui hatari kwa mtu kuacha bunduki nyumbani. Sheria hiyo inalinda soko la waongozaji.

Nguzo ya pili ni fedha, na hapa majimbo yamejifunga yenyewe. Idara za wanyamapori huendeshwa zaidi kwa leseni, na kwa kodi ya taifa ya asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi, inayoelekezwa kwao kwa sheria ya mwaka 1937. Mgeni mmoja akilipa dola 692, amelipa sawa na wakazi kumi na wawili. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo bajeti inavyosema. Wabunge wanaoogopa kumwongezea mkazi dola kumi hupata ujasiri wa kumwongezea mgeni mia saba, kwa sababu mgeni hawapigii kura. Matokeo yake idara inazidi kumtegemea mtu ambaye sera zilezile zinamsukuma nje.

Ada kubwa kwa mgeni, peke yake, sioni kuwa dhuluma. Linalonisumbua ni lile kundi la bei maalumu. Chukua eneo lenye leseni 100 za elki Wyoming. Wageni wanatengewa 16, na asilimia 40 ya hizo, kama sita, zimewekwa kwa waliolipa 1,950. Mgao haukuongezeka hata kwa mnyama mmoja. Leseni sita zimetolewa kwenye droo ya fundi bomba na kuwekwa kwenye droo ya daktari. Uhaba ukigawanywa kwa droo moja, anayekosa amekosa pamoja na wenzake. Ukigawanywa kwa pochi, anayekosa amepitwa.

Montana ilionyesha njia nyingine. Mwaka 2010 wapiga kura wake walifuta leseni 5,500 za elki na kulungu zilizokuwa zimetengewa wateja wa waongozaji, na wakapandisha leseni ya mgeni kutoka dola 628 hadi 897. Ada ilipanda kwa kila mgeni, mlango wa pembeni ukafungwa. Kwa miaka michache leseni zilibaki bila wanunuzi na idara ikaumia, kisha waombaji wakarudi kwa wingi. Mwaka 2021 Bunge la jimbo liliwafungulia tena mlango, kwa muda, wateja wa waongozaji waliokosa kwenye droo. Nadhani wapiga kura wa 2010 walikuwa na akili zaidi: pandisha bei ikibidi, punguza mgao wanyama wakipungua, lakini usitengeneze foleni mbili.

Wakazi wana sababu nyingine ya kutofunga mlango kabisa. Sehemu kubwa ya ardhi ya Wyoming imegawanywa kama ubao wa drafti, mraba wa umma na mraba wa mtu binafsi, urithi wa ruzuku za ardhi zilizopewa kampuni za reli karne ya 19. Miraba ya umma hugusana pembe kwa pembe, na wenye mashamba walidai kwamba kuvuka pale kwenye pembe ni kuingia kwao bila ruhusa. Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri walivuka pembe kama hizo kwenye Elk Mountain kwa kutumia ngazi, bila kukanyaga ardhi ya jirani. Walishtakiwa kwa jinai, baraza la mahakama likawaona hawana hatia. Mwenye shamba akawafungulia kesi ya madai, na mwezi Machi 2025 mahakama ya rufaa ikaamua kwa upande wao, uamuzi unaohusu majimbo sita. Wakazi waliokuwa wakiitazama miraba hiyo kwa miaka mingi bila kuthubutu kuvuka sasa wanawinda humo, kwa leseni ya dola 57.