Sokwe anafuata silika, simu inahurumia: hesabu gani hiyo?

Kuna sauti ya dakika nne inazunguka kwenye magrupu ya Kigoma tangu Jumapili. Msemaji hakujitambulisha. Anaanza kwa kuisifia programu ya kujibu maswali kwenye simu yake: aliisimulia msiba uliompata, ikamjibu "pole sana, naumia pamoja nawe", naye akaridhika kwamba inamwelewa na kumhurumia. Haya. Dakika ya tatu anahamia hifadhi ya Gombe na kuwacheka wanaosema sokwe wanahuzunika. Mnyama ni mnyama, anasema, yule anafuata silika tu. Kisha anafunga kwa mbwembwe: hiyo ndiyo nadharia ya uamilifu, akili ni kazi wala si nyama, na kinachofanya kazi ya huruma kina huruma.

Ndugu yangu, kisu umekishika kwenye makali.

Tuanze na alipopatia, maana ni padogo. Teremka Kibirizi jioni za giza, boti za dagaa zinapojiandaa. Zamani taa ilikuwa karabai: tangi la mafuta ya taa, pampu, utambi unaowaka mweupe. Siku hizi ni balbu za LED na betri. Ukizifungua zote mbili huoni kifaa kinachofanana, ila mvuvi hajawahi kusumbuka kuuliza kama hizo mpya ni taa kweli. Taa ya dagaa ni kile kinachowakusanya dagaa juu ya maji, karibu na wavu. Basi. Sasa geukia mbalamwezi. Mwanga upo, tena wa bure, lakini umetapakaa ziwa zima, dagaa hawana sababu ya kusogea mahali pamoja, na wavuvi wanakaa nchi kavu wakishona nyavu. Mwanga upo, kazi haipo.

Mwaka 1967 mwanafalsafa Hilary Putnam aliyasema maumivu kwa namna hiyo: yatambue kwa kazi yake, si kwa kifaa. Kabla yake wanafalsafa U. T. Place (1956) na J. J. C. Smart (1959) walishikilia kwamba hisia ni mchakato fulani wa ubongo na hakuna zaidi. Putnam akawaletea pweza. Ubongo wake haukujengwa kama wetu. Nyuroni zake nyingi, yaani seli za neva, ziko mikononi, si kichwani. Kama maumivu ni nyuroni za aina fulani za binadamu, basi pweza haumwi hata ukimchanachana. Nani anaamini hilo? (Meli yetu ya ziwani, MV Liemba, nayo ilitolewa mitambo ya mvuke ikafungwa dizeli miaka ya 1970, na sijasikia abiria aliyelalamika kwamba anasafirishwa na kitu kisicho injini.)

Mpaka hapo tuko pamoja na bwana sauti. Anapopotea ni kwenye neno "kazi". Yeye anadhani kazi ni kile kinachoonekana nje: maneno matamu, sauti ya upole, "pole sana". Huo si uamilifu. Hiyo ni ile nadharia ya matendo ya nje ambayo uamilifu ulizaliwa kuizika, na ilistahili kuzikwa. Nenda msiba wowote Ujiji. Kuna atakayelia kuliko wafiwa, anajigaragaza, na akishapata pilau anauliza kama bado kuna nyama. Kuna mama aliyefiwa mwenyewe ambaye hatoi chozi. Anahesabu sahani, anaelekeza wapi maturubai yafungwe. Kwa kipimo cha matendo ya nje, mwenye huzuni ni yule wa kujigaragaza.

Uamilifu unauliza mambo matatu kwa pamoja: hali hii imeletwa na nini, inazigusa vipi hali nyingine za ndani, na inazaa nini. Hilo la katikati ndilo watu wanaliruka, na ukiliruka huna nadharia tena.

Mfano wa mashine, ambao mwanafalsafa Ned Block aliueleza kwa sarafu za Kimarekani, mimi nauweka kwa zetu. Mashine inauza kitu cha shilingi 200. Inapokea sarafu za 100 na 200 tu, na ina hali mbili, A na B. Ikiwa A ukatia 200, inatoa bidhaa na kubaki A. Ikiwa A ukatia 100, haitoi kitu, inahamia B. Ikiwa B ukatia 100, inatoa bidhaa na kurudi A. Ikiwa B ukatia 200, inatoa bidhaa pamoja na chenji ya 100, na kurudi A. Mchezo umeisha. Sasa niambie B ni nini. Si chuma, kwa kuwa kijana wa kibanda anaweza kufanya yote hayo kwa kuweka kokoto moja mezani akipokea mia ya kwanza na kuiondoa akishauza. B ni "nimeshapokea mia, nasubiri". Tena huwezi kuieleza B bila kuitaja A, wala A bila B. Zinafasiriwa kwa pamoja, kama mwanafalsafa David Lewis alivyofafanua mwaka 1972 kwa hali zote za akili. Na kumbuka: tia 100 mashine ikiwa A, kisha uitazame kwa nje. Imetulia, haijatoa kitu, inafanana kabisa na mashine ambayo haijaguswa. Ndani imebadilika. Ukikagua nje tu, umekosa jambo lenyewe.

Block huyohuyo, mwaka 1981, akapigilia msumari. Fikiria mashine yenye orodha: kila mazungumzo yanayowezekana kwa saa moja yameandikwa na jibu lake zuri pembeni. Ukisema neno, inatafuta mstari, inasoma jibu. Kwa nje utasema ni mtu mwerevu. Kwa ndani hakuna imani inayoisukuma nia, wala hofu inayoitibua kumbukumbu. Kuna kutafuta mstari tu. Mtu wa matendo ya nje lazima aipe akili. Mwamilifu hana deni hilo.

Kwa kipimo hicho, twende Gombe. Sokwe jike Flo alikufa Agosti 1972 karibu na kijito cha Kakombe. Mwanawe Flint alikuwa na miaka minane na nusu. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika Gombe mwaka 1960, alieleza jinsi Flint alivyozidi kujitenga, akakataa chakula, akadhoofika, akaugua. Siku moja alipanda mti akasimama akikodolea macho kiota kitupu alichokuwa akilala na mama yake. Hazikupita hata wiki nne, naye akafa. Angalia mpangilio wa jambo lenyewe. Chanzo ni kimoja, kuondokewa. Kikaingia kwenye njaa: chakula kipo, mwili unakihitaji, mkono hauendi. Kikaingia kwenye kumbukumbu, kikampeleka mpaka kwenye kiota. Kikaingia kwenye urafiki, akawakimbia wenzake. Silika, sawa, iite hivyo. Silika inayoshika nyuzi zote hizo kwa mkupuo ndiyo uamilifu unaiita huzuni.

Sasa simu. Imekwambia "naumia pamoja nawe". Iombe hapohapo tangazo la harusi lenye vibonzo vya mioyo. Utalipata, na mioyo itajaa. Maumivu yale yaligusa nini? Atakuja mtetezi kusema maneno ya juu yanabaki kwenye mazungumzo na yanaathiri jibu linalofuata. Kweli yanaathiri, siwezi kubisha. Lakini anayedai huruma lazima aonyeshe hali inayofanya kazi ya huruma ndani, inayosukuma na kuzuia mambo mengine, si sentensi inayoitaja. Kama ipo, tuonyeshwe. Chuma si kizuizi, na mwamilifu atakayekataa kwa sababu ya chuma amejisaliti. Ila "pole sana" peke yake si ushahidi. Hata karatasi ya risiti inaandika "ahsante kwa kuja".

Kuna mahali uamilifu unachechemea, na nalisema shingo upande. Block, mwaka 1978, alitaka tuwape watu wote wa China redio, kila mmoja afanye kazi ya nyuroni moja, waendeshe mwili mmoja wa bandia. Mpangilio utakuwa uleule wa maumivu. Je, kuna kinachouma? (Sisi tusijaribu: Watanzania wa sensa ya 2022 ni milioni 61 na ushei, na pweza mmoja tu ana nyuroni zinazokaribia milioni 500.) Majibu ya waamilifu ni kwamba hata nyuroni zako, ukizichukua mojamoja, hakuna inayoumwa. Jibu zuri, halinitoshi. Ule uchungu wenyewe jinsi unavyouma, mchoro wa nani anamsukuma nani hauuoneshi. Na Putnam mwenyewe aliikana nadharia yake kitabuni mwaka 1988, kwa sababu nyingine.

Lakini shimo hilo halimwokoi bwana sauti. Akitaka kulitumia kumnyang'anya Flint huzuni kwa kuwa hatuuoni uchungu wake kwa ndani, foleni ya kunyang'anywa inaanza na simu yake, na anayefuata ni jirani yake.