Kumbukumbu Inapokosekana: Maktaba ya Michoro Iue Programu au Irudishe Hitilafu?

Maktaba ya michoro, yaani msimbo wa kuchora ambao programu nyingine huutumia, huomba kumbukumbu kila inapoandaa picha, inapojenga umbo au inapohifadhi herufi zilizokwisha kuchorwa, na mara mojamoja ombi hilo hukataliwa: malloc, funksheni ya lugha ya C ya kuomba kumbukumbu, hurudisha kielekezi tupu (anwani isiyoonyesha popote), na kazi haiwezi kuendelea kama ilivyopangwa. Hapo watunzi wa maktaba wamegawanyika. Wapo wanaotaka programu isimamishwe papo hapo, na wapo wanaotaka maktaba irudishe hitilafu na kumwachia aliyeiita aamue la kufanya. Kwa maoni yangu pande zote mbili hukosea zinapotafuta jibu moja kwa maombi yote, kwa kuwa maombi yenyewe hayafanani.

Hoja za kuisimamisha programu si za uvivu, ingawa mara nyingi hudhaniwa hivyo. GLib, maktaba iliyo msingi wa GTK (zana za kujengea madirisha na vitufe vya programu), huua programu pale g_malloc, funksheni yake ya kuomba kumbukumbu, inaposhindwa, na sababu zinaeleweka. Kila njia ya kushughulikia hitilafu ni msimbo wa ziada ambao karibu haupitiwi kamwe, na msimbo usiopitiwa ndimo kasoro hujificha. Tena, kukosa baiti 40 huashiria kwamba mchakato umefika ukomo, na hata kisanduku cha kumwarifu mtumiaji kingehitaji kumbukumbu ileile isiyopatikana. Isitoshe, Linux, kwa mipangilio yake ya kawaida, huweza kuahidi kumbukumbu nyingi kuliko iliyonayo. Kurasa halisi za kumbukumbu hutolewa programu inapoanza kuziandikia, kwa hiyo malloc hufaulu, kisha baadaye kerneli, yaani kiini cha mfumo, huchagua mchakato wa kuua bila kurudisha hitilafu ambayo mtu angeweza kuikagua. Hata hivyo Windows huhesabu ahadi zake na kukataa mapema, na kwenye Linux yenyewe mchakato ukiwekewa kikomo cha nafasi ya anwani, malloc hukataa vilevile. Dai kwamba malloc haishindwi kamwe ni kweli kwa mipangilio fulani tu, na mtunzi wa maktaba hajui kazi yake itaendeshwa wapi.

Michoro ina jambo la pekee ambalo hoja hizo hazilifikii. Picha ya pikseli 20,000 kwa 20,000, kwa baiti 4 kila pikseli, huhitaji baiti bilioni 1.6 kwa mkupuo mmoja. Ombi hilo likikataliwa, mara nyingi mashine haijaelemewa. Kumbukumbu ya kuonyesha ujumbe, kuhifadhi kazi ya mtumiaji na kufungua picha nyingine ipo tele. Kuiua programu ya kuhariri picha, yenye kazi ya saa nzima isiyohifadhiwa, kwa sababu tu mtu ameandika tarakimu moja zaidi kwenye kisanduku cha upana, ni adhabu isiyolingana na kosa. Vipimo hivyo pia mara nyingi hutoka kwenye faili iliyotumwa na mtu asiyejulikana. Seva inayochora vijipicha kwa watumiaji wengi itaangushwa na faili moja yenye kichwa cha uongo, yaani sehemu ya mwanzo inayotaja vipimo visivyo vya kweli.

Hapa kuna mtego mbaya kuliko kukataliwa kwenyewe. Pikseli 32,768 kwa 32,768 kwa baiti 4 ni 4,294,967,296 kamili, yaani 2 kwa kipeo cha 32, na hesabu hiyo ikifanywa kwa namba ya biti 32 isiyo na alama, jibu ni 0. Malloc huombwa baiti 0 na huenda ikarudisha kielekezi kinachoonekana halali. Kisha maktaba huanza kuandika pikseli juu ya kumbukumbu isiyo yake. Ukaguzi wa kielekezi tupu hausaidii kitu. Kuzidisha ndiko kunakopaswa kukaguliwa, tena kabla ya kuomba.

Katika upande wa kurudisha hitilafu, muundo unaonivutia zaidi ni wa maktaba ya michoro ya Cairo. Funksheni yake ya cairo_create, inayoanzisha muktadha wa kuchorea, hairudishi kielekezi tupu kamwe. Kumbukumbu ikikosekana hurudisha muktadha maalumu ambao tayari una hitilafu. Muktadha wowote ukishapata hitilafu, hitilafu hiyo hunata: wito wa kuchora unaofuata haufanyi kitu, na mpangaji programu anaweza kuita cairo_status mara moja mwishoni badala ya kukagua kila mstari. Gharama yake ni ukimya. Asiyekagua kabisa huweza kuhifadhi picha iliyochorwa nusu akidhani imekamilika, na kwa mtu anayechapa ripoti, nusu picha ni hatari kuliko programu iliyokufa waziwazi.

Kuhusu msimbo usiopitiwa, dawa inajulikana, ila ni ya kuchosha. SQLite, maktaba ya hifadhidata, hujaribiwa kwa kulazimisha ombi la kwanza la kumbukumbu lishindwe, kisha la pili, kisha la tatu, hadi jaribio lipite bila kushindwa. Maktaba isiyokuwa tayari kufanya hivyo isijisifu kwamba hushughulikia ukosefu wa kumbukumbu.

Ningependelea mgawanyo: maombi madogo ya ndani yaruhusiwe kuua programu, mradi nyaraka ziseme hivyo, lakini ombi lolote ambalo ukubwa wake unatoka nje ya maktaba lirudishe hitilafu. Si wazo geni, kwani GLib yenyewe ina g_try_malloc, ambayo hurudisha kielekezi tupu badala ya kuua programu, na gdk_pixbuf_new, funksheni ya kuunda picha inayotumiwa na GTK, hurudisha kielekezi tupu pikseli zinapokosa nafasi. Ugumu unabaki kwenye maumbo. Kila nukta ya umbo huchukua baiti chache, na mtunzi atashawishika kuiweka kwenye kundi la maombi madogo. Lakini faili ya SVG (aina ya picha inayoelezwa kwa maumbo badala ya pikseli) inaweza kuleta nukta milioni 50, na safu inayozihifadhi hukua kwa kuongezwa maradufu hadi ombi moja linapokuwa la mamia ya megabaiti. Idadi hiyo ilichaguliwa na aliyeandika faili, kwa hiyo safu ya nukta nayo inastahili kurudisha hitilafu.