Shemeji na Reli ya Dalali

Jumapili ndiyo siku yangu pekee ya kulala mpaka jua linifuate kitandani. Siku sita nimejikunja Mkuyuni chini ya mwavuli, nashona soli za watu wanaotembea kana kwamba ardhi imewakosea. Ya saba nalala. Hata Mungu alipumzika, na yeye hakuwa na shemeji.

Mimi ninaye. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu inalia.

"Shemeji, vaa viatu vya maana, twende tukaione reli."

Nikamwambia reli Mwanza tunayo, haijapotea. Ilifika 1928 ikitokea Tabora, karibu kilomita 380, na stesheni ipo mjini, akitaka kuitazama aende, hakuna kiingilio.

"Siyo hiyo. Ule mchepuo wa zamani uliokuwa unaingia kwenye kinu cha pamba kule ndani Misungwi. Wanaufufua."

"Nani kasema?"

"Dalali."

Jamani. Nchi ina wizara, ina wahandisi, ina wapima ardhi wenye miwani juu ya kijiti cha miguu mitatu, lakini habari za treni tunaletewa na dalali wa viwanja.

Shemeji si mjinga, msinielewe vibaya. Ugonjwa wake ni saa. Alifungua banda la sangara wa kukaanga kule Kigongo, akahesabu watu waliosimama foleni ya pantoni na njaa zao. Hesabu safi kabisa. Juni 2025 daraja likafunguliwa, kilomita kama tatu, watu wanavuka kwa dakika chache vioo vimefungwa. Sangara wakabaki wanatazamana na ziwa walikotoka. Sasa ameapa kwamba safari hii atatangulia yeye, usafiri utamkuta ameshakaa.

Nikaenda. Ukiuliza kwa nini, kamuulize dada yake, ndiye anayepika kwangu.

Tukashuka Usagara, pale barabara zinapoachana, moja ya Shinyanga na nyingine ya Kigongo. Shemeji hakugeuka hata kutazama upande wa Kigongo. Bodaboda moja watu watatu, mimi wa nyuma kabisa, nimekalia chuma cha kufungia mizigo. Kisha bodaboda akasema njia imeisha, na hapo ndipo nikajua kumbe yetu ilikuwa haijaanza.

Reli iliyokufa huioni kwa macho, unaijua kwa miguu. Unatembea kwenye nyasi zinazokufika kifuani, mara ardhi inanyanyuka kidogo na kunyooka. Hilo ndilo tuta. Kokoto zimezama, minyaa imeota katikati ya njia. Kiatu changu cha kulia kiliachama kabla ya robo saa. Mimi ni fundi viatu, na viatu vyangu ndivyo vya mwisho kushonwa Mwanza nzima, maana havilipi.

"Reli yenyewe iko wapi?" nikauliza.

Shemeji akasema ipo, imefunikwa.

Ilikuwepo kweli, ila imehamia kwa watu. Taruma la kwanza, yaani kile chuma kipana kinacholala chini ya reli, tulilikuta limelazwa juu ya mtaro, akina mama wanavukia na ndoo. La pili limepinduliwa, kuku wanalinywea maji, na lilivyojikunja kingo zake ungedhani lilifuliwa kwa kazi hiyo. La tatu limeshika mlango wa choo. Kipande cha reli kama urefu wa mkono kimening'inizwa kwenye mwembe wa shule, pembeni yake nati ya kukigongea. Nadhani ndicho kipande pekee cha mchepuo ule ambacho bado kinawahimiza watu kuwahi.

Mbele kidogo vyuma viwili vilikuwa bado vimelala pamoja kwenye mataruma yake, hatua kama kumi hivi. Shemeji akapiga magoti, akakiparua kimoja kwa ufunguo. Kutu ikatoka magamba kama ya sato, chini yake chuma cheusi, kizima. Ubavuni kulikuwa na herufi zilizoliwa, hazisomeki hata ukiweka mate. Boliti imeshikana na nati yake, vimekuwa kitu kimoja, kama wazee waliooana tangu ukoloni.

"Umeona?" shemeji akasema, sauti imelegea kwa mahaba. "Iko hai."

Hapo tukasikia kikohozi. Mzee mmoja amekaa chini ya mwembe, kofia ya ukili, fimbo, katambuga za tairi ambazo, nisiwafiche, zilikuwa zimetengenezwa vizuri kuliko zangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnatafuta kiwanja au chuma?"

Ikabidi tukae. Kumbe mzee alikuwa kwenye gengi ya reli, kikosi cha kutunza njia, enzi zile watu wanapita na kiberenge kukagua njia. Nikamuuliza kwa nini mataruma ni ya chuma na nchi ilijaa miti. Akanitazama kwa huruma. "Mchwa, baba. Ukitandika mti hapa, treni unaikuta imekaa chini."

Shemeji akaingilia na swali lake: itafufuka lini? Akamwaga ushahidi wote. Reli ya Tanga kwenda Arusha ililala miaka, nyasi mpaka shingoni, mbona treni ya mizigo ilirudi Moshi 2019, na Oktoba 2020 abiria wakashuka Arusha? Na MV Umoja, ile meli inayopakia mabehewa pale Mwanza Kusini, si ilikaa miaka bila safari, na 2018 ikaenda Port Bell kule Uganda na mzigo? Na SGR je, ile reli mpya ya umeme? Jiwe la msingi la kipande cha Mwanza hadi Isaka liliwekwa hapahapa Misungwi, Juni 2021, kilomita 341 pamoja na njia za kupishania!

Mzee alimwacha amalize. Kisha akachukua fimbo, akachora mistari miwili mchangani.

"Hii ya kwetu, kutoka chuma mpaka chuma, ni mita moja. Hiyo yenu mpya ni mita moja na sentimita arobaini na tatu na nusu. Treni ya umeme haiingii humu hata ikija imejikunja." Akachora mstari mwingine. "Sasa huko Arusha. Ile treni ya kwanza ilipeleka nini?"

Shemeji kimya. Nilijua mimi, maana gazeti la siku hiyo nililifungia viatu: saruji.

"Ehee. Treni haiji kwa sababu watu wameikumbuka. Inafuata mzigo. Hapa tulikuwa na pamba. Msimu ukifika mabehewa yanapangwa hapo, kinu kinanguruma usiku na mchana, marobota yanapakiwa, vumbi lake unalikohoa mpaka Krismasi. Ushirika ukavunjwa 1976, ukarudishwa, ukayumba. Mwaka 1994 wakaruhusu wanunuzi binafsi. Kila mnunuzi na fuso lake, anachukua pamba mlangoni kwa mkulima, anaipeleka kwenye kinu chake. Behewa linasubiri behewa lenzake, fuso halisubiri mtu. Kinu kikafunga. Sasa niambie, treni ikija leo, itapakia nini hapa? Mimi?"

Shemeji akasema michembe. Nawaambieni alisema michembe, viazi vya kukaushwa, kwa gari moshi. Mzee akacheka mpaka kofia ikadondoka, lakini alipoivaa alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole: mpunga, choroko, mbao, ng'ombe wa mnadani. Nikaona naye anayo ndoto ileile. Ana fimbo, ana hoja za kuua treni yoyote, na bado kila asubuhi anakaa chini ya mwembe uliotazama tuta.

Ndipo dalali akafika, amechelewa saa mbili na analalamikia foleni. Foleni! Tulikutana na mbuzi tu njia nzima. Akadai kwanza hela ya kuonyeshwa, elfu ishirini. Shemeji akageuka kunitazama mfuko. Hela yangu ya gundi ya wiki nzima ikaonyeshwa kiwanja.

Kiwanja chenyewe kilianzia hatua kumi na tano kutoka kwenye tuta. Dalali akazipiga mwenyewe, na ni mtu mfupi. Mzee akauliza taratibu kama anajua hifadhi ya reli, ile ardhi isiyojengwa, vijijini ni mita 30 kila upande. Mjini ni 15, lakini hapa ni 30.

"Hiyo ni ikiwa treni inapita," dalali akasema.

"Si unasema itapita?"

Kimya. Mzee akatuonyesha kwa fimbo jiko la mama mmoja jirani, ukuta wa tope, alama ya X nyekundu, ile ya kubomolewa, imechorwa mlangoni, imeshaanza kufifia. Watu wa reli walikuja miaka ile na kopo la rangi, hawajarudi. Yule mama ana watoto sita na hakuna aliyewahi kuona behewa likipita pale, ila X wanaipaka majivu kila sikukuu.

Nikafanya hesabu yangu ya kifundi. Treni isiporudi, shemeji ana kiwanja porini. Treni ikirudi, hana kiwanja. Nikamweleza mara tatu, ya tatu kwa Kisukuma. Akasema mimi sina maono.

Nikaona afadhali niwalaumu wezi. Nikapaza sauti, nikasema hii nchi tunajihujumu wenyewe, watu wanang'oa reli wanauza chuma chakavu, halafu tunauliza treni iko wapi, mtu kama huyo afungwe. Niliongea vizuri kweli. Mzee akatikisa kichwa kukubali, kisha akakitazama kiatu changu kilichoachama.

"Na wewe baba, kazi yako nini?"

"Fundi viatu."

"Unagongea juu ya nini?"

Nikasema jiwe.

Si jiwe. Ni kipande cha reli, urefu wa shubiri moja na nusu, juu kimesuguliwa mpaka kinang'aa kama kioo. Nilikinunua kwa kijana wa chuma chakavu elfu nane, mwaka ule naanza kazi, na sikumuuliza kilikotoka. Hakuna kitu kinachoituliza soli kama kile. Mzee hakusema neno. Alisugua tu mchanga kwa katambuga yake, ile mistari miwili ikafutika.

Jumatatu shemeji akaja kijiweni, kiatu mkononi. Nikakipokea, nikakilaza kwenye chuma, ambacho tangu asubuhi nilikuwa nimekivisha gunia.

"Nimeongea na dalali," akasema. "Amekubali kukisogeza nyuma mita kumi."

Nikagonga. Ndani ya gunia hakilii sana.