Fidla ya kinanda isiyovuta pumzi

Jumamosi moja nilikuwa harusini Ngamiani, hapa Tanga, nimekaa na shangazi yangu karibu na spika kuliko alivyopenda yeye. Taarab ikaanza, kinanda kikachukua sehemu ya fidla, naye akanigeukia: "Fidla gani hii, mwanangu, haivuti pumzi?"

Maneno kama hayo ndiyo huwafanya watu waseme kinanda kimeua taarab. Mimi sikubali, na mtu wa Tanga akisema hivyo naona amejisahau. Black Star, kikundi cha hapa hapa kwetu, ndicho kilichoingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarab miaka ya 1960, na mpaka leo tunajivunia. Umeme haukuwa kosa wakati ule. Kosa la sasa ni mpiga kinanda kubonyeza namba ya sauti iliyopangwa kiwandani, akaiacha kama alivyoikuta.

Noti ambayo bendi nyingi hutyunia hutetema mara 440 kwa sekunde, iwe imetoka kwenye udi, fidla au kinanda. Tunatofautisha ala kwa mambo mengine, na moja ni zile sauti nyembamba zinazopanda juu ya sauti kuu. Sinthesaiza za kale, yaani vinanda vinavyotengeneza sauti kwa umeme, kama Minimoog ya mwaka 1970 iliyotoka kwa Mmarekani Robert Moog, huanzia hapo. Wimbi la sauti lenye umbo la meno ya msumeno limebeba sauti hizo zote: 440, 880, 1,320 na kuendelea. Wimbi la mraba limebeba za hesabu ya witiri tu, yaani mara moja, mara tatu, mara tano, ndiyo maana linasikika lina uwazi ndani yake, kama klarineti.

Kisha kuna filta. Hii kila mtu wa Ngamiani anaijua bila kujua kwamba anaijua. Harusi ikiwa mtaa wa nyuma nawe umelala umefunga madirisha, unasikia besi tu inagonga ukuta. Fungua dirisha, mwimbaji na tari vinaingia. Ukuta umezuia sauti za juu ukapitisha za chini. Filta ya sinthesaiza hufanya kazi hiyo hiyo, ila wewe ndiye mwenye dirisha, unalifungua na kulifunga kwa kidole wakati noti inalia.

Lakini kilichomkera shangazi hakikuwa filta. Kilikuwa namna noti inavyozaliwa na inavyokufa. Udi ukiguswa kwa ukucha, sauti hutoka ghafla, tena kwa nguvu zake zote, halafu hufifia yenyewe. Fidla siyo hivyo. Upinde unaanza kuvuta, sauti inajaa taratibu, inakaa maadamu mkono unakwenda, na mkono ukisimama inabaki kidogo kisha inaondoka. Sinthesaiza hukupa vipimo vinne kwa kazi hii: muda wa kupanda, muda wa kushuka kutoka kileleni, kiwango cha kukaa ukiwa umeshikilia kibonye, na muda wa kufifia ukikiachia. Usidhani ni mambo madogo. Mwaka 1948 Mfaransa Pierre Schaeffer alirekodi kengele, akaondoa lile pigo la mwanzo tu, na kilichobaki hakikusikika tena kama kengele.

Vinanda vingi vya sasa vina sauti ya fidla ya kweli iliyorekodiwa, na bado hupitishwa kwenye filta na vipimo hivyo hivyo vinne. Kwa hiyo fidla ya kweli inaweza kuzaliwa vibaya.

Uvivu huu wa kuacha sauti kama ilivyotoka kiwandani si wetu peke yetu. Sinthesaiza ya Yamaha DX7 ilipotoka mwaka 1983, ikitumia ugunduzi wa John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wa kulifanya wimbi moja litikise jingine, kuipanga ilikuwa kazi ya kuumiza kichwa. Wengi wakabaki na sauti za kiwandani, ndiyo maana nyimbo nyingi za mapenzi za miaka ile zina piano ileile.

Sisi tuna deni jingine tena: maqam, ile mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu. Baadhi ya noti za taarab hukaa katikati ya vibonye viwili, na kinanda kilichotyuniwa kizungu hakina mahali pa kuziweka. Vipo vinanda vinavyokuruhusu kushusha noti moja kwa robo toni. Nimewaona wapigaji wanaomiliki kinanda cha namna hiyo na hawajawahi kugusa sehemu hiyo. Hilo linaniudhi kuliko ile fidla.

Basi wakati wa chakula nilimfuata yule kijana wa kinanda, nikamwomba tujaribu. Hakukasirika. Tukaongeza kidogo muda wa kupanda, tukarefusha wa kufifia, tukafunga filta mpaka ule ukali wa juu ukapungua. Akapiga mstari mmoja. Shangazi, sahani ya pilau mkononi, akainua kichwa upande wetu, hakusema kitu, akaendelea kula.

Bibi harusi alipokaribia kuingia, mtu akakanyaga waya wa umeme, kinanda kikazimika. Kilipowaka, ile fidla ya kiwandani ilikuwa imerudi. Hatukuwa tumehifadhi.